Kipande Kilichofutwa

Jumatatu, 3 Februari
Basi limechelewa tena. Nimefika kazini Takoma Park nimeganda kwa baridi ya Marekani. Nimemwogesha Madam Solange, nimemlisha uji. Kijiko hawezi kushika, kamera anashika. Ukaidi wa Kifaransa. Maisha yake yote amewapiga filamu wachimba migodi, wafagiaji, wahamiaji. Sasa zamu yetu, tunaotunza wazee wa watu. Anajua ndiyo filamu yake ya mwisho. Kansa haina siri.

Leo nikimkanda miguu ameniuliza habari za baba yangu. Nimelia, kamera ikiendelea. Akaiweka mezani bila kuizima, naye akasimulia ya baba yake.

Alhamisi, 13 Februari
Ana sheria yake: aliyepigwa filamu ndiye wa kutazama kwanza, tena kwake nyumbani. Akisema ondoa, inaondolewa, haibaki nakala. Claire, bintiye, amemleta hapa kwangu Beltsville, akabaki garini. Hata yeye haruhusiwi kutangulia kuona.

Nimepika chapati. Nimejiona nikisema sina karatasi za kuishi huku, ndiyo maana nilitazama mazishi ya baba kwenye simu, chooni, kazini. Sura yangu yote ipo. Mwajuma, Mtanzania ninayeishi naye, ameshika kichwa. "Shoga, ikitoka hiyo umekwisha! Watakudeport!"

Nimesema ondoa. Madam ameitikia kwa kichwa, akaomba chapati nyingine.

Jumapili, 16 Februari
Madam amekifuta kile kipande mbele yangu. Hakunibembeleza hata kidogo. Nimeumia, sijui kwa nini, maana nilichotaka nimekipata. Kanisani sikuimba.

Jumanne, 4 Machi
Madam amefariki asubuhi. Nimemwogesha mwenyewe, taratibu, maji ya vuguvugu. Baba yangu sikumgusa.

Jumamosi, 29 Machi
Filamu imeonyeshwa leo kwenye ukumbi wa kanisa. Watunzaji wenzangu wamo, wanachekesha, wanaliza. Madam hayumo. Alizoea kuikata sauti yake.

Tukiosha vikombe Claire amesema mama yake hakuwahi kumweleza babu alikufaje. Nimekausha mikono, tukaketi. Nimemwambia yote. Babu alikufa kwa ugonjwa wa mapafu wa mgodini. Madam alikuwa mbali, akipiga filamu mgomo wa wachimba migodi wengine. Hakuwahi kuzika. Alinisimulia akilia kama mimi.

Claire ameuliza yalikuwa wapi maneno hayo. Nimemwambia: kwenye kipande nilichoomba kiondolewe. Hakunilaumu. Ameshika mkono wangu, akauliza mama yake alimwitaje babu, jina la utotoni.

Alilitaja siku ile, mara mbili. Nimejaribu. Silikumbuki.