Kastadi ya Ubatizo Imekubali

Mama, shikamoo.

Huku Durban joto linayeyusha siagi mezani, lakini mwanao nimeshinda! Dada Neema aliniomba maandazi yenye kastadi ndani kwa ubatizo wa mwanawe, na mara mbili mayai yakaganda mabonge. Jirani yetu Mkongo, Mama Beatrisi, anayeuza keki, akanicheka: "Ya paketi iko tele dukani, unajisumbua nini?" Nikakataa. Mara ya tatu nikamimina maziwa ya moto kwenye mayai kidogo kidogo, nikarudisha motoni, nikakoroga bila kupumzika mpaka ikawa nzito, laini kabisa. Baada ya ibada Mama Beatrisi alikula maandazi manne, akaniuliza mbele ya wageni wote: "Eish! Utanifundisha lini?"

Mungu akuponye magoti, mama. Nikirudi wewe utakaa tu, nitapika mimi.

Rehema wako