Meneja Anahamia Sebuleni

Jumapili, 2 Machi

Tangi limesimama! Lita mia mbili, kioo kitupu, pale sebuleni palipokuwa na kabati la vyombo. Vyombo sasa vinaishi uvunguni mwa kitanda. Wifi alipoingia akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Ati kaka yake mgonjwa, hajiwezi, na mimi naleta bahari ndani ya nyumba. Nikamwambia ndiyo sababu hasa.

Niandike vizuri, nisije nikasahau kwa nini nilianza. Fundi — hata mimi mkewe namwita hivyo, kama hospitali nzima — ametengeneza mitambo pale kazini kwetu miaka kumi na tisa. Kumi na mmoja kati ya hiyo ndiye aliyelilea lile tangi la maji ya chumvi katika wodi ya watoto. Mwezi wa kwanza kiharusi kikamchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Mazoezi hataki. Anageukia ukutani tu. Ila siku za kliniki nikimsukuma kwenye kiti chake hadi kwenye tangi, yule samaki wa rangi ya machungwa anakuja kiooni, na Fundi anacheka kwa nusu ya uso. Samaki anaitwa Meneja, kwa kuwa kazi hafanyi na kila mtu anamkagua.

Sasa wodi inapanuliwa. Tangi litavunjwa tarehe 5 Aprili. Mkuu wa utawala kasema nikimtaka samaki nimchukue, la sivyo — akapunga mkono. Daktari naye alishasema, kama kuna kitu anachokipenda, kifuateni hicho hicho. Sina kingine cha kufuata.

Jumanne, 4 Machi

Chumvi ya bahari, ya dukani kwa muuza samaki wa mapambo, si ya jikoni. Maji ya kuchujwa. Koroga, pima, ongeza, koroga. Mgongo wangu!

Fundi kanitazama kutoka kitini. Kanitazama! Wakati fulani akapiga meza kwa mkono wa kushoto, pah. Nikapima — kweli, chumvi ilikuwa imezidi. Bahati tu, nikasema.

Jumamosi, 8 Machi

Mawe yamefika, yamefungwa kwa magazeti mabichi. Muuza samaki anayaita mawe hai. Hai! Yananuka. Yana utelezi wa kijani, na kwenye tundu moja kijinyoo kilichungulia, tukatazamana.

Mimi nina miaka ishirini na sita katika chumba cha kutakasa vyombo vya upasuaji. Hakuna mkasi uliomfikia daktari bila kupita mikononi mwangu. Uchafu ule uingie nyumbani kwangu? Nikavaa glavu. Klorini, nusu saa kamili. Brashi. Suuza mara tatu. Anika juani.

Fundi alipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia. Sauti tupu, bila neno. Akapiga meza, akapiga tena, kikombe kikaanguka kikavunjika, chai yote kwenye zulia. Wifi akasema ni ugonjwa huo, hasira huwajia hivyo, tumrudishe chumbani. Nilipoinama kumshika, akaning'ang'ania aproni. Nilimbandua vidole, kimoja kimoja.

Mawe yametoka meupe, hayana harufu. Nimeyapanga tangini. Yamependeza, niseme ukweli.

Jumatano, 19 Machi

Kijani. Kila jioni natia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi, nangoja dakika tano, nalinganisha na kadi ya rangi. Manjano ni salama. Kijani ni amonia, sumu inayotoka kwenye chakula kinachooza, na samaki akiivuta anaungua matamvua. Muuza samaki aliniambia nitie punje chache za chakula, nivute subira, baada ya siku kadhaa itaanza kushuka yenyewe. Mbona haishuki? Juzi kijani, jana kijani, leo kijani kibichi! Nimebadilisha hata taa, nikidhani ni macho yangu.

Fundi hajalitazama tangi tangu ile Jumamosi. Amerudi ukutani. Zimebaki siku kumi na saba.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikwenda dukani na kichupa mkononi. Muuza samaki akakiinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Mama, yale mawe uliyafanya nini?"

Nikamweleza. Kwa fahari! Glavu, klorini, nusu saa. Kabla sijamaliza akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama yangu, wale vijidudu ndio wanaoila hiyo sumu. Umewaua wafanyakazi wote, halafu unashangaa kiwanda kimesimama."

Miaka ishirini na sita naua vijidudu, na cheti nimepewa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wako wa kufugwa.

Hapana. Yupo aliyeniambia. Aliniambia mpaka kikombe kikavunjika. Asiyesikia la mkuu — na mimi mkuu nilimbandua vidole. Nimelia palepale dukani, mbele ya kasa wa plastiki. Nimekula jeuri yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwomba radhi. Nilipiga magoti mbele ya kiti nikamwambia, Fundi, ulijua, mimi ndiye sikujua. Nisaidie.  Naye akaonyesha kalamu yangu, hii hii. Kwa mkono wa kushoto akachora sanduku, na chini yake sanduku dogo. Lile dogo akalitia weusi, akalitia weusi, mpaka karatasi ikatoboka.

Chujio! Ile sponji iliyo chini ya tangi la wodini, aliyoitunza mwenyewe miaka yote hiyo.

Nilikwenda nikakata nusu, nusu nikamwachia Meneja. Chafu ajabu — ya kahawia, inatoa ute. Nikaibeba ndani ya ndoo ya maji yake yenyewe, nikapita nayo mbele ya chumba changu cha kutakasa. Mwenzangu wa zamu akauliza nimebeba nini. Wafanyakazi wapya, nikamjibu.

Sikuisuuza. Mikono iliniwasha, Mungu ni shahidi, lakini sikuisuuza. Nilipoitia tangini Fundi alikuwa anatazama.

Alhamisi, 27 Machi

Kijani hafifu! Inashuka!

Kisha simu. Mkuu wa utawala: wajenzi wamewahi, tangi linavunjwa Jumatano. Siku tatu kabla! Nikamsihi, akasema ukuta hauwezi kumngoja samaki. Wifi akaninyang'anya simu, akamtolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Hayakusaidia kitu. Nimempenda lakini.

Jumatano, 2 Aprili

Meneja yumo nyumbani. Ndani ya ndoo, na kipampu cha hewa cha betri. Nimempakata kwenye teksi njia nzima, kila tuta roho mkononi. Muuza samaki kasema ndoo itamhifadhi mpaka kesho mchana, haizidi hapo. Na tangi likiwa bado lina sumu, samaki mzee kama huyu hata asubuhi hafiki.

Saa kumi nimepima. Manjano. Nikaenda dirishani — manjano yenye kivuli cha kijani? Au ni mti wa nje? Wifi anasema manjano. Nimepima tena. Sijui. Sijui!

Meneja kajiinamia upande, chini kabisa, anahema mbiombio. Wifi anasema mtie, humwoni anakufa? Nikachukua kikombe nimchote. Mkono ukashikwa.

Fundi! Kajisukuma mwenyewe na kiti chake kutoka chumbani, mkono mmoja na mguu mmoja. Hatua nane, tisa. Mtu ambaye miezi hii hata shuka havuti! Jasho linamtoka. Amenishika kifundo cha mkono, anatazama kichupa pale dirishani, ananitazama mimi, anakaza, kama anayesema bado. Wifi karibu alie: kaka, mwachie, samaki anakufa. Hakumgeukia.

Vidole vyake najua jinsi ya kuvibandua. Nilishafanya.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Kipampu kinatoa povu. Wifi ametia matone kwenye kichupa kingine, tunangoja rangi. Meneja bado anahema, nahesabu. 

Mwandiko huu mbovu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia anao Fundi, hajauachia, na mimi sijauvuta.