Nimepanda Mahindi ya Msaada Mahali pa Mbegu ya Mama Mkwe

Njisi, Kyela, Agosti 2003

Mpendwa Mama Milka, pole kwa kazi ya kusoma shida zetu, naomba unisaidie maana sina wa kumwambia. Mimi ni mke wa mtu, naishi na mama mkwe wangu, Anyosisye, ambaye tangu nilipoolewa hajanitolea neno baya hata siku moja, naye ana mbegu ya mahindi aliyopewa na mama yake mzazi, huitundika juu ya moshi wa jikoni na kabla ya mvua huwagawia majirani na binti yake Hellen aliyeolewa Mwaya. Mwaka jana mto Songwe ulifurika ukatusombea shamba, mume wangu Eliud yuko mbali anatafuta vibarua, mama amelazwa hospitali, watoto wanalia njaa, basi nikaitungua ile mbegu nikaisaga, tukala yote. Dada yangu wa Karonga, Malawi, akanipa debe la mahindi ya msaada, nikapanda hayo, nikanyamaza. Sasa tumevuna, manene ajabu, na mama, ambaye macho yake hayaoni vizuri, anayapapasa na kusema, "Ndaga, asante mwanangu, umenitunzia mbegu ya mama yangu." Mama Milka, moyo unaniuma! Tena redio inasema huenda mahindi yale yamebadilishwa vinasaba maabara. Eliud, niliyemweleza, anasema hayana neno, mbona Wamalawi wanakula na wako hai, lakini mwalimu Hezroni anasema tungesubiri kwanza wataalamu wapate njia salama zaidi. Novemba mama anagawa mbegu. Nimwambie, au ninyamaze?

Doreen

Doreen binti yangu,

Futa machozi kwanza. Kulisha watoto wenye njaa si dhambi, na ningekuwa mimi ningeitungua hiyo mbegu mapema zaidi. Lakini huo ukimya wako! Unapokeaje shukrani isiyo yako mchana kweupe? Hapo nakugombeza.

Kuhusu vinasaba, mimi si mtaalamu, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Ila Eliud anazungumzia kula, na kupanda ni jambo jingine. Ukila, umejiamulia mwenyewe. Ukipanda, upepo unabeba vumbi la maua hadi kwa jirani ambaye hukumuuliza, na likishaingia kwenye mbegu yake hakuna wa kulitoa. Pengine siku moja watapata njia ya kulizuia, nasi tutafurahi. Mpaka hapo, mwalimu Hezroni yuko sahihi, subirini.

Kwa hiyo mahindi hayo yasagwe yote, hata punje moja isitundikwe. Majirani mnaopakana nao waambie wachague mbegu upande wa mbali na shamba lenu. Na mbegu ya mama haijapotea, jamani, si iko Mwaya kwa Hellen?

Ila usikimbilie Mwaya ukairudisha kimyakimya, utakuwa umeongeza uongo mwingine. Anza na mama. Kaeni jikoni wawili, mshike mkono, umwambie: "Mama, ile mbegu niliwapikia wajukuu zako ulipokuwa hospitali." Usijitetee. Akilia, mwache alie, nawe lia. Halafu mwombe ruhusa ukachukue mbegu kwa Hellen.

Unaogopa atakachosema, najua. Lakini mwanamke uliyenieleza hapa, akishapangusa macho, nadhani atakuuliza kama watoto walishiba.

Mama Milka