Baba Yangu Si "Ghost"

Jumanne, 17 Septemba 1974

Jua kali, vumbi, na mimi nimekasirika tangu asubuhi.

Mama bado analala nje. Tangu lori la operesheni ya kuhamia vijijini litushushe hapa Nyamuswa, hajaingia nyumba mpya. Kwetu ukihama unamwaga pombe ya ulezi kaburini, unawaambia wazee wako unakokwenda, kisha unabeba jiwe moja la jiko la zamani ulitie pamoja na mawili mapya. Ndivyo marehemu wanavyohama nawe. Sisi tulipakiwa kama magunia ya pamba. Baba, aliyezikwa kule, hakuambiwa.

Kesho trekta la kijiji linalima pale kaburini kwake.

Mkutanoni leo niliomba ruhusa ya kurudi mara moja tu. Katibu Kata, mtu wa kwetu kabisa, alinicheka mbele ya wote.

"Mwalimu mzima! Kumbe unaogopa ghost?"

Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mama akaniuliza maana ya neno lile. Nikamwambia kama nilivyofundishwa sekondari Musoma: ni mfu anayetisha walio hai. Wamisionari nao walimwita hivyo Roho Mtakatifu kwenye sala zao za Kiingereza. Hata mtu aliyepauka kwa hofu husemwa amekuwa kama ghost.

"Sasa baba yako ni yupi hapo?" akauliza Mama. "Hajatisha hata kuku. Yeye anangojaga kuambiwa tu."

Hayumo. Neno lao lina vyumba vitatu na baba yangu hana pa kukaa.

Jioni nilimfuata Katibu nyumbani kwake, nikamsihi. Akakataa tena, akisema ushirikina unachelewesha taifa. Mkewe alikuwa akisonga ugali uani. Nikatazama jiko.

Mawe mawili ya kijivu, ndiyo kwanza yanashika masizi. La tatu jeusi tititi, lina ufa wa miaka mingi.

Nyumba yake ni mpya kama yetu.

Alimhamisha baba yake, mnafiki yule! Aliona ninapotazama, akaanza kuniuliza habari za darasa la saba.

Alfajiri naondoka na kibuyu cha Mama cha pombe ya ulezi, kabla trekta halijawashwa. Katibu akinishtaki kwa kuacha kazi, nitajibu kwenye mkutano uleule. Nitaomba kitu kimoja tu: mkewe aepue sufuria, watu waone.