Kucha Ulizoziona Kwenye Picha

Mdogo wangu wa pekee,

Habari za hapo nyumbani? Mgongo wa mama umepata nafuu, au bado anainuka kwa kushika ukuta halafu anasema hana tatizo? Na wewe kikohozi kimekuachia? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu yangu anakaa nayo shangazi, na kila ninachokuandikia anakisoma kwanza. Hii nitaikunja ndani ya mashuka ya mwalimu mmoja, mteja wetu hapa kwenye udobi, ameahidi kuituma.

Uliuliza nilizipakaje zile kucha za kwenye picha, waridi shinani zikififia hadi zambarau kwenye ncha. Nilicheka peke yangu. Wewe uliyewahi kumpaka jogoo wa baba rangi ya kucha bado hujaacha! Haya, unaanza na rangi nyeupe, unaiacha ikauke kabisa, usiwe na papara zako. Pembeni mwa kucha unapaka mafuta ya mgando ili rangi isishike ngozi. Unakata kipande cha sponji la kuoshea vyombo, unapaka juu yake mstari wa waridi na wa zambarau, igusane. Halafu unagonga polepole kwenye kucha, usivute. Unarudia mara tatu, kila mara ukingoja ikauke. Mwisho unapaka ile isiyo na rangi, na mpaka kati ya rangi mbili unapotea. Ni saa mbili nzima.

Saa mbili hizo alinipa shangazi mwenyewe, na rangi akanunua yeye. Nyeupe ile ya chini ilikuwa na kazi yake: kucha zangu zimekuwa njano kwa dawa ya kutoa madoa, mbili zimepasuka. Alinikalisha dirishani, akaniambia nilegeze vidole, akapiga picha akawatumia ninyi huko nyumbani. Kabla ya chai ya jioni nilikuwa nimeshazifuta kwa pamba, maana kulikuwa na mapazia ya hoteli yanangoja.

Nilikuja kwa miezi mitatu, ili nikimaliza anipeleke chuo cha ushonaji. Huu mwaka wa pili. Kitambulisho changu kiko kabatini kwake, anasema kisipotee. Ufunguo wa geti anao yeye, anasema kuna wezi. Hanipigi wala hanitukani. Ananiita mkono wake wa kulia, tena mbele ya wateja, na mimi natabasamu kama mjinga. Toka chumba cha kupigia pasi mpaka kambani ni hatua kumi na tisa. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka sijui nianzie wapi kukueleza.

Sasa kuna jambo nimekuficha, na naona aibu kuliandika. Shangazi aliniambia chuo nitakwenda siku akipata mtu wa kushika nafasi yangu, na akakutaja wewe. Sikukataa. Picha ile ilikuwa ya kukuvuta wewe. Maneno yaliyokuja nayo, kwamba huku kazi ni nyepesi na utasoma jioni, hakuyatunga shangazi. Niliyatunga mimi, akachapa huku namtajia. Tena lile la chuo cha jioni niliongeza mwenyewe bila kuombwa, kwa kuwa najua unavyopenda kusoma.

Kwa hiyo Jumamosi hii uliyopangiwa kuja, usipande basi. Hata akipiga simu, hata akinishikisha mimi simu nikakuambia njoo, usinisikilize. Mwonyeshe baba barua hii yote, na hapo panaponiaibisha pia, aje yeye.

Msalimie mama, mwambie asibebe ndoo. Wasalimie wote wanaoniulizia. Usije, mdogo wangu. Ukija nitakukumbatia pale getini, nitakuonyesha pasi inavyowashwa, halafu nitaondoka.

Ni mimi,
dada yako