Pedali imenyamaza

Alhamisi, jioni. Mawingu yametanda upande wa Kongo tangu mchana, lakini hapa mtaani kwetu Buzebazeba hata tone. Nimekaa barazani na gitaa mapajani na silipigi. Sina hamu.

Leo nasema ukweli wote, maana humu mtandaoni hakuna anayenijua.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu. Aliyenifundisha ni mume wangu, Enock, ambaye naye alikuwa anapiga solo. Tangu Pasaka yuko Mpulungu, kule mwisho wa ziwa, anatengeneza injini za boti za mizigo. Alisema anaenda kwa muda mfupi. Aliniachia pedali yake, kile kisanduku cha chuma unachokikanyaga kwa mguu, besi inanguruma mpaka madirisha ya kanisa yanatikisika. Nilivyokabidhiwa, ungedhani nakabidhiwa mtoto mchanga.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila jioni. Baadaye siku mojamoja. Mwishowe ikawa Jumapili tu, baada ya ibada: mama hajambo, mvua vipi huko, kazi zimebana, tutaongea. Sikumlaumu. Lakini niliumia, jamani. Niliumia sana.

Halafu pedali ikaanza kuvuma.

Nikiikanyaga tu, mmmmm, kama nzi aliyenasa kwenye kopo. Nikairekodi, nikamtumia kwenye WhatsApp. Hata sijaweka simu chini, akapiga. Mwenyewe! Katikati ya wiki! Akaniambia nibadilishe waya wa gitaa. Nikabadilisha, wapi. Kesho yake akapiga tena: toa adapta, weka betri. Nikaweka betri, inavuma vilevile. Siku nyingine akasema zima friji, zima taa, peleka simu chumba kingine. Kila jioni jaribio moja, na baada ya jaribio, maongezi. Alinisimulia kuhusu nahodha wao anayeogopa maji. Nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka mwenyewe kabla hajamaliza kisa.

Jumamosi nikaenda na pedali kwenye mazoezi ya kwaya. Kimya! Besi safi kabisa. Nikarudi nyumbani, nikaunganisha, mmmmm. Basi, kumbe pedali haina kosa, tatizo ni umeme wa nyumba yetu. Na nilipoegemea amplifaya nikiwa peku, mkono ukanisisimka. Hapo ndipo nikakumbuka arthi, ule waya unaotoka ukutani kwenda kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini nyuma ya nyumba.

Nikazunguka nyuma. Waya hakuna. Kuna maharage.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kasulu kunipa kampani, na yeye haoni udongo mtupu akaupita. Alikuwa amelima mpaka kwenye msingi, akaung'oa waya, na kwa kuwa hatupi kitu, akaufungia vijiti vya maharage. Amevifunga vizuri, si mchezo. Nikamuuliza kwa upole, mama, huu waya uliutoa wapi?

"Mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, "si ulikuwa umelala tu hapo, hauna kazi!"

Sikuweza hata kukasirika. Nikazima umeme kwenye swichi kubwa, nikaurudisha waya kwenye nondo, nikaukaza kwa plaisi. Nikawasha, nikakanyaga pedali. Kimya. Nilipiga wimbo mzima peke yangu sebuleni, nikafurahi.

Jioni Enock akapiga. "Vipi, bado inavuma?"

Nikasema bado.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nilijua tu kwamba nikisema imepona, tutarudi kwenye Jumapili. Na kuna baya zaidi. Alipotaka kuisikia, nilichomoa kidogo jeki ya waya wa gitaa ili ivume, nikarekodi, nikamtumia. Mtu mzima mimi! Napiga besi Jumapili mbele ya watu, katikati ya wiki napika kelele.

Nikaendelea hivyo hivyo kila jioni, mpaka Jumatatu wiki hii. Aliniambia siku yake ya mapumziko ameimalizia juani, anazunguka duka kwa duka kunitafutia pedali mpya. Sauti yake ilikuwa imechoka. Aibu niliyoisikia, acha tu. Nikamwambia asihangaike, imepona, ilikuwa arthi. Sikumwambia imepona lini.

"Afadhali! Hongera, sasa wewe ni fundi kuliko mimi." Akacheka. Nikasubiri aendelee. Akanitakia usiku mwema.

Jumanne hakupiga. Jana hakupiga. Leo giza linaingia.

Mama mkwe amepita sasa hivi na ungo wake wa dagaa, akasimama kunitazama. "Siku hizi hakupigii?"

Nikamwambia pedali imepona, mama.

"Kwani alikuwa anaipigia pedali?" Akaingia zake ndani.

Nimekaa na swali hilo. Mbona mimi mwenyewe sijawahi kumwambia ninavyoumia? Miezi yote hii nasema hatujambo, fanya kazi, usijali. Labda na yeye huko anakaa juu ya boti anatafuta sababu ya kunipigia. Labda hatafuti. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nimeshika simu. Nikaandika: "Pedali imeanza tena." Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kutuma. Nikafuta.

Nikaandika upya: "Enock, hakuna kilichoharibika. Nimekukumbuka. Nipigie tu."

Nimetuma. Mpaka sasa tiki ni moja, haujamfikia.

Sifuti.