Plagi za Safari Ndefu

Kazanlak, Jumatatu

Bilyana mwanangu,

Sijakuandikia miaka mitatu, tangu nilipokukataza kukanyaga hapa. Mama yako mzima, mizabibu imechipua. Ila nimechanganyikiwa.

Jana nilifungua plagi za gari. Mimi huliendesha hadi shambani tu, kilomita nne. Safari fupi hazichomi masizi, kwa hiyo plagi zilipaswa kuwa nyeusi. Nimezikuta safi, za kahawia, ncha zimelika. Hiyo ni kazi ya barabara ndefu.

“Rayna,” nikamuuliza mama yako, “nani anaendesha gari langu?”

“Mimi, mzee wangu. Alhamisi naenda kwaya.”

“Kwaya iko mtaa wa pili.”

“Basi huwa napotea njia,” akasema, akaendelea kukata kabichi.

Kwako Burgas ni kama kilomita mia mbili. Sikuuliza tena.

Dukani nilisimama muda mrefu. Kuna plagi zinazotunza joto, za safari fupi, na zinazopoa upesi, za safari ndefu. Sikujua zipi zinanifaa. Mwishowe nimenunua za safari ndefu.

Alhamisi ya wiki ijayo nitakaa kiti cha abiria. Usiponitaka ndani, nitamsubiri mama yako garini.

Baba yako,
Penko